Hadhira na Mlengwa: Kwa Nini Baadhi ya Nyimbo za Pwani Hazivuki Mpaka

Kijiji cha Jilore kiko magharibi ya mji wa Malindi, karibu na mto Sabaki. Safari ya kutoka huko hadi kwenye hoteli za ufuoni si ndefu. Hata hivyo, nyimbo ambazo vikundi vya ngoma vya Kigiriama huwaimbia watalii wa Malindi na Watamu si zile zinazosikika kwenye matanga ya vijijini. Huenda waimbaji wakawa ni wale wale, na ngoma zikawa zile zile. Lakini anapopanda jukwaani mbele ya wageni, fanani huziacha nyumbani nyimbo fulani, wala hahitaji kuambiwa ni zipi. Wanamuziki wa bendi nao, wanaosafiri kutoka nchi moja hadi nyingine, hufanya vivyo hivyo. Wana nyimbo za Dar es Salaam, nyimbo za Nairobi na nyimbo za Ulaya. Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hili kama suala la fasihi, yaani kama suala la matini na utendaji wake, wala si la biashara peke yake.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba msanii hufuata ladha ya wasikilizaji na lugha wanayoielewa. Jibu hili lina ukweli kidogo, lakini halitoshi. Kama lugha ingekuwa ndiyo sababu, basi mgeni asiyejua neno hata moja la Kigiriama angekuwa msikilizaji wa kuimbiwa chochote bila hatari yoyote. Angeweza kuimbiwa nyimbo za kifudu, ngoma ya Mijikenda inayohusishwa na mauti, akapiga makofi. Ni nini basi kinachomzuia mwimbaji?

Rai yetu ni kwamba tangu Finnegan (1970) alipoisisitiza nafasi ya utendaji katika fasihi simulizi ya Kiafrika, wahakiki wengi tumelitumia neno hadhira kwa upana uliopita kiasi. Tunawachanganya watu wawili: anayeusikia wimbo na anayeambiwa na wimbo. Huyu wa pili tutamwita mlengwa. Katika taarabu ya arusini tofauti hii iko wazi kabisa. Ukumbi mzima unasikia, lakini ubeti wa mpasho unamwendea mtu mmoja tu aliyeketi kwenye kona, naye anajua, na jirani zake wanajua. Askew (2002), akiandika juu ya Tanga, ameonyesha jinsi mwanamke anavyoweza kuinuka na kumtuza mwimbaji hasa ubeti fulani unapofikiwa, na kwa kitendo hicho akayafanya maneno ya mtunzi kuwa yake, akampelekea hasimu wake. Hapa mlengwa hakuundwa na mtunzi, bali na noti iliyotolewa mkobani.

Sasa uhamishe wimbo huo huo. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa rekodi ya Maulidi na Musical Party yake ya Mombasa, ikaipa jina *Mombasa Wedding Special*. Ni rekodi nzuri, na sisi ni miongoni mwa waliofurahi kuipata. Lakini arusi iliyotajwa kwenye jalada haina bibi arusi, wala jirani, wala hasimu. Msikilizaji wa London anapata sauti, ala na, akisoma maelezo, labda na maana ya maneno. Asichokipata ni ile hofu ndogo kwamba huenda ubeti ujao ukawa wake.

Tukirudi upande wa Kilifi, mfano wa kale zaidi unaotufaa ni Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi, akapelekwa Asia kuwatumbuiza askari wa Kiafrika waliokuwa wakipigana upande wa Burma. Askari hao walitoka katika makoloni mbalimbali na makabila mengi. Nyimbo za kijiji kimoja cha nyuma ya Malindi zingemlenga nani kati yao? Baada ya vita Konde alipata sifa kwa nyimbo za Kiswahili, mojawapo ikiwa "Majengo Siendi Tena". Jina hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Majengo iko Mombasa, iko Nairobi, iko Moshi, na ni vigumu kuutaja mji mkubwa wa Kenya au Tanzania usiokuwa na mtaa wa jina hilo au wa namna hiyo. Kwa hiyo wimbo unaonekana kutaja mahali mahususi kabisa, lakini kila anayeusikia anaufikiria mtaa wa kwao. Wapo wanaodhani kwamba nyimbo za bendi za miaka ya 1950 zilivuka mipaka kwa sababu zilikuwa nyepesi. Sisi tunaona kinyume chake. Kumtafuta mlengwa ambaye yumo katika kila mji, bila kumfanya kuwa mtu asiyekuwako, ni kazi ya ufundi mkubwa.

"Jambo Bwana" ya Them Mushrooms ni tatizo la aina nyingine. Bendi hiyo ilianzia Mombasa, ikapiga muziki kwa miaka mingi katika hoteli za pwani, na wimbo huo uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison ukarekodiwa mwaka 1980. Mwaka 1983 kundi la Boney M. lilitoa toleo lake, na tangu hapo wimbo umeimbwa karibu kila mahali mtalii anaposhuka. Mlengwa wake ni mgeni, na mtu yeyote aweza kuwa mgeni. Lakini tulitazame neno lenyewe la kwanza katika anwani. Mswahili humwamkia mwenzake kwa *hujambo* au *hamjambo*, akajibiwa *sijambo* au *hatujambo*. Nafsi imo ndani ya kitenzi na haiwezi kuondolewa. *Jambo* tupu halina nafsi. Ni salamu iliyonyofolewa mlengwa wake ili iweze kumfaa mtu yeyote, na wenyeji wa pwani huitumia kwa yule wanayedhani kuwa hajui lugha. Ndiyo maana wimbo huu, unaojulikana na kila mtu Kilifi, unakaa vibaya katika sherehe ambayo hakuna mgeni wa namna hiyo. Mwimbaji akiuimba mbele ya wajomba zake watacheka, au watamuuliza wao wamekuwa watalii tangu lini. Haieleweki basi kuulaumu wimbo kwamba ni wa kitalii. Ulitungwa kwa ajili ya mlengwa fulani na umemfikia barabara, pengine kuliko mashairi mengi tunayoyafundisha.

Tanzania ya miaka ya 1970 inatuonyesha mpaka uliotengenezwa na siasa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, bendi nyingi zilikuwa chini ya taasisi za umma, mathalani NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, na zilitarajiwa kuusifu uongozi na siasa ya ujamaa. Nyimbo zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam na kubaki katika kanda za redio, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengenezea sahani za santuri. Aliyetaka sahani alikwenda Nairobi. Hivyo basi palikuwa na vichungi viwili: redio iliyotaka wimbo wa taifa linalojengwa, na kampuni ya Nairobi iliyotaka wimbo wa kuuzika Kenya. Mbaraka Mwinshehe, aliyeiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, alipita katika vichungi vyote viwili. Kwa Wakenya wengi yeye ni mwimbaji wa "Shida" na wa mapenzi. Mauti yalimkuta Mombasa mwezi Januari 1979, katika ajali ya gari, wakati mpaka wa nchi hizi mbili umefungwa tangu Februari 1977.

Yafaa tukumbuke kwamba neno *ndugu* lilikuwa na uzito wake katika Tanzania ya wakati huo. Lilikuwa anwani ya kisiasa, namna ya kumwita mwananchi mwenzako asiye bwana wala mtumwa. Likiimbwa Nairobi lilirudi kuwa neno la ukoo. Hapakuhitajika polisi kuuzuia wimbo; mlengwa wake hakuwako ng'ambo ya Namanga.

Zipo nyimbo zinazoonekana kuipinga rai yetu, na hatuna budi kuzikabili. Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay kwa mara ya kwanza mwaka 1928, aliimba wimbo wa "Kijiti" unaohusu mauaji ya kweli ya mwanamke yaliyotokea Unguja. Ni wimbo wa tukio moja katika mji mmoja, na walakini ulipendwa mbali na Unguja. Fair (2001) ameusoma pamoja na nyimbo nyingine za Siti kama ukosoaji wa mahakama za kikoloni, na usomaji huo unatusaidia kuona kwamba mlengwa hakuwa Kijiti. Alikuwa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya hakimu wa Kiingereza na kuona haki ikipinda, na watu hao walijaa pwani nzima na bara. Basi nchi ya wimbo si ile iliyochorwa kwenye ramani. Ni eneo lote ambamo mtu anaweza kuusikia akajitambua kuwa ndiye anayeambiwa.

Jambo hili lina athari kwa kazi yetu wenyewe. Wanafunzi wa uzamili, na baadhi ya walimu wao, wamezoea kuchukua sahani na kanda zilizouzwa kama ndizo data kamili ya wimbo wa Kiswahili, kisha wakahitimisha kwamba msanii fulani alijishughulisha na mapenzi tu, au kwamba nyimbo za Mijikenda ni za furaha na ukaribishaji. Wanachokichambua ni zile nyimbo zilizoruhusiwa kusafiri. Zilizobaki hazikubaki kwa udhaifu wa fani. Mara nyingi ndizo zilizokuwa na mlengwa aliye dhahiri mno.

Kifudu hasa ndicho kinachoumiza kichwa. Walengwa wake ni wafiwa pamoja na marehemu mwenyewe, na hakuna jukwaa la hoteli linaloweza kuwakusanya. Mtafiti anayekwenda Jilore na chombo cha kurekodia atasema kwamba yeye si mtalii. Lakini akiomba aimbiwe kifudu siku isiyo na msiba ili apate sauti safi, ameomba kile kile ambacho mtalii hakuthubutu kukiomba. Akirekodi msibani, kanda itakuwa na kilio, na kwenye kibandiko chake kutakuwa na nafasi ya tarehe, mahali, jina la ngoma na jina la mwimbaji.