Wafokaji wa Kwanza na Urithi wa Mara

Mwezi Desemba 1962, akihutubia Bunge la Jamhuri changa ya Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alisikitika kwamba wasomi wengi walikuwa wamefundishwa densi za Kizungu, hali ngoma za kwao hawakuzijua. Ndipo alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Miaka thelathini baadaye vijana wetu walishikwa na muziki mwingine wa kigeni, ule wa kufokafoka, na wazee wengi walidhani onyo lile limepuuzwa. Mimi sidhani hivyo.

Muziki huo ulizaliwa katika mtaa wa Bronx, mjini New York, ambako mwaka 1973 kijana mzaliwa wa Jamaika, DJ Kool Herc, alirefusha sehemu za ngoma tupu katika sahani za santuri ili watu wacheze zaidi. Maneno ya kuchangamsha wachezaji yalikua yakawa ghani kamili, na kufikia 1982 Grandmaster Flash na wenzake walikuwa wakisimulia dhiki za mtaa wao.

Nchini mwetu hatua ya kwanza ilikuwa kuiga. Saleh Jabir alijipatia sifa mwaka 1991 kwa kutia maneno ya Kiswahili katika nyimbo za Wamarekani. Wako wanaombeza kwa sababu mapigo hayakuwa yake. Lakini ni yeye aliyewathibitishia wasikilizaji kwamba lugha yetu yaweza kwenda kwa kasi ile. Kundi la Kwanza Unit, lililoundwa Dar es Salaam mwaka 1993, lilikuwa na ufundi mkubwa, ingawa sehemu kubwa ya kazi zake ilikuwa kwa Kiingereza. Kisha akaja Joseph Mbilinyi wa Mbeya, aliyejulikana kama Mr. II na baadaye Sugu, akaghani kwa Kiswahili juu ya maisha ya kijana asiye na kazi.

Hapo palizuka tatizo la usanii. Takriban kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo kina hupatikana kwa urahisi mno, na kina rahisi huchosha sikio. Kundi la Hard Blasters, katika albamu ya Funga Kazi ya mwaka 2000, lilitafuta nguvu kwingine: katika kisa, katika mabishano ya wahusika, katika kejeli.

Kejeli haina maana kwa asiyeielewa lugha, na hapa ndipo Mara inapoingia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote. Mbilinyi alizaliwa 1972, Joseph Haule wa Hard Blasters 1975. Wote ni wa kizazi kilichoanza shule baada ya Azimio hilo. Bila shule zile, wimbo uliotungwa Dar es Salaam ungefikaje Bunda, ambako Mjita, Mwikizu na Msukuma hukutana sokoni kila mmoja na lugha ya mama yake?

Tena sikio la Mara lilikuwa tayari. Kwa Wakurya wa Tarime, mpigaji wa litungu huketi na zeze lake la nyuzi nane akisifu, akikemea na kutaja matukio, maneno yakikimbia juu ya mapigo yanayojirudia. Sisemi kwamba Bronx ilijifunza Tarime. Nasema tu kwamba mzee aliyelelewa na litungu hakukuta jambo geni kabisa pale mjukuu alipofungua redio.

Mwaka 2001 Haule, sasa akiitwa Profesa Jay, alitoa wimbo wa Ndiyo Mzee, ambamo mgombea humwaga ahadi zisizowezekana na umati ukaitikia kila moja, kama ngomani kati ya kiongozi na waitikiaji. Mwaka 2015 mtunzi huyo alisimama mbele ya wapiga kura wa kweli wa Mikumi kuomba ubunge, nao wakampa.