Mtafiti wa Kupe

Msomaji, jina la Wangari Maathai walijua kwa sababu ya miti. Lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa ya hadubini.

Mnamo Januari 1966 alirudi kutoka Marekani na barua ya kumpa kazi ya utafiti katika chuo kikuu, Nairobi. Alipofika, akaambiwa kazi amekwisha pewa mwingine. Yeye aliona sababu ni kabila lake na uanamke wake. Profesa mmoja Mjerumani, Reinhold Hofmann, akamwajiri katika idara ya utabibu wa mifugo, na mwaka 1971 Wangari akapata shahada ya udaktari. Hata hivyo wanawake chuoni hawakupewa haki za nyumba sawa na wanaume. Ajabu ya wenye elimu!

Sasa fikiri tungalikosa nini. Siku moja alikwenda mashambani kukusanya kupe, apate kuchunguza ugonjwa wa ndigana. Akaona ng'ombe wamekonda, nyasi haba, mito imejaa udongo. Yeye, aliyekulia Nyeri, alikumbuka mito iliyo safi. Akatambua kwamba ardhi iliyokatwa miti ilikuwa hatari kwa ng'ombe kuliko kupe.

Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake wakapanda miti saba Kamukunji, Nairobi.