Gitaa la Nailoni na Umeme wa Lualaba

Kabla ya umeme kuingia katika nchi za shaba, sauti ya ala ilikuzwa kwa kibuyu. Mpiga kisanji, mwenye vile vyuma vyembamba vilivyopangwa juu ya ubao na kubonyezwa kwa vidole gumba, hukiegemeza chombo chake juu ya nusu ya kibuyu ngoma ilipokuwa kubwa na watu wengi. Na alipokuwa peke yake njiani, akisafiri kutoka kijiji hadi kijiji, hukiacha kibuyu nyumbani akajipigia kwa sauti ya kumtosha mwenyewe. Fikra hii, ya kuwa ala ni kitu kimoja na kikuza sauti chake ni kitu kingine, na kwamba cha pili chaweza kuondolewa pasi na kukidhuru cha kwanza, ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika kile kidude kidogo ambacho mpiga gitaa la nyuzi za nailoni hukibandika juu ya ubao anapoingia kanisani au baa, kisha akakibandua na kukitia mfukoni anapokwenda zake; ila kati ya kibuyu na kidude hicho imepita karne nzima ya reli, mishahara na mabwawa, na aghalabu waandishi wa muziki wa Kongo hawaigusi, kwa kuwa macho yao yote yameelekea Kinshasa.

Gitaa lilienea Katanga pamoja na reli na mshahara. Njia ya kutoka kusini ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Ile ya kutoka Lobito katika pwani ya Angola iliungana na ya Katanga mwaka 1931, baada ya kuikata nchi ya Walunda kwa kupitia Dilolo. Na katikati ya miaka hiyo kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa imekwisha kubadili shauri lake, kwani tangu 1928 haikumtaka tena kibarua wa miezi michache anayerudi kwao na fedha zake, bali mfanyakazi wa kukaa, mwenye mke na watoto, nyumba ya kampi na shule ya misheni. Hapo ndipo gitaa lilipopata mnunuzi wake. Kolwezi, iliyoanzishwa mwaka 1937 jirani na machimbo ya Musonoi, ilizaliwa ndani ya utaratibu huo huo, ikawa mji usiokuwa na kumbukumbu yoyote ya wakati kabla ya king'ora cha zamu, na burudani za wakazi wake zikafuata saa za king'ora: jioni ya Jumamosi baada ya malipo, uani, viti vichache, pombe, na mtu mmoja mwenye gitaa lisilosikika mbali zaidi ya ukuta wa jirani.

Mtu aliyelipa gitaa hilo la uani jina duniani ni Mwenda Jean-Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao ya kale ya mfalme Msiri. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini na kuzunguka nchi nyingi akirekodi ngoma na nyimbo, alimkuta Jadotville, mji uitwao leo Likasi, ulio njiani baina ya Lubumbashi na Kolwezi, naye akamrekodi. Sahani zilizotokana na kazi hiyo zilienea kwa alama ya Gallotone hadi Nairobi na zaidi ya hapo, na vijana wa Kenya wakakaa mbele ya gramafoni kujaribu kufumbua jinsi mtu mmoja, kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, alivyoweza kutoa besi, kiitikio na wimbo kwa wakati mmoja bila ya kimoja kumkanyaga mwenziwe. Ufundi huo, kwa rai yangu, ni mtoto wa unyonge wa sauti. Mwenye ala isiyosikika mbali na asiyekuwa na wenziwe wa kumjazia hana budi kuzijaza nafasi zote kwa mkono wake mwenyewe, na mkono wa Mwenda ulizijaza hata hapakubaki nafasi ya mtu wa pili.

Nataka msomaji aione vema kazi iliyofanywa na gramafoni katika habari hii. Maikrofoni ya Tracey haikuligusa gitaa wala haikuligeuza. Ilisimama mbele yake tu, kama msikilizaji mwenye adabu. Lakini sahani ilipofika dukani na kuchezwa kwa nguvu, lile gitaa la uani lilisikika sawasawa na bendi ya matarumbeta iliyochezwa kabla yake, na mteja aliyekwisha kulisikia hivyo hakuridhika tena alipomwona mpigaji mwenyewe, nyama na damu, akimezwa na makelele ya meza ya pili.

Umeme ulikuwapo tele. Katika miaka ya 1950 maji ya mto Lualaba yalizuiliwa mara mbili karibu na Kolwezi, kwanza Nzilo na kisha Nseke, mabwawa ambayo wakati wa Wabelgiji yaliitwa Delcommune na Le Marinel, nayo yalijengwa kwa ajili ya viwanda vya kusafisha madini, wala si kwa ajili ya ngoma. Hata hivyo palipo na umeme wa kiwanda hapakosi umeme wa baa. Mwaka 1953 mpiga gitaa Mbelgiji, Bill Alexandre, alifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na gitaa la umeme kufanya kazi katika studio ya CEFA, na katika muda usiotimia miaka kumi mtindo wa bendi zenye magitaa ya umeme uliishika Kongo nzima. Kazi ya vidole viwili vya Mwenda sasa iligawanywa: mmoja akachukua solo, mwingine ridhimu, wa tatu besi, na baadaye wa nne akawekwa katikati yao kwa jina la misolo. Baba Gaston na bendi yake waliondoka Katanga na muziki wa namna hiyo mpaka Dar es Salaam na Nairobi. Sisemi kuwa ni hasara, kwani nani angeitaka dunia isiyokuwa na bendi hizo. Nasema tu kuwa aliyekuwa akipiga peke yake aliachwa bila ya mahali pa kukaa.

Na kifaa kilicholeta mageuzi hayo kilikuwa, kwa mwili wake, mwana wa nchi hii. Pikapu ya sumaku ni uzi wa shaba, mwembamba kupita unywele, uliozungushwa mara maelfu juu ya sumaku. Na sumaku yenyewe, katika zile zilizopendwa zaidi na mafundi wa magitaa, ni mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti. Shaba na kobalti ndizo zilizochimbwa Musonoi na Kamoto na kupelekwa Ulaya kusafishwa. Tangu miaka ya 1930 Mmarekani Harry DeArmond alikuwa akitengeneza pikapu za namna hiyo za kufungwa juu ya gitaa la kawaida na kufunguliwa tena, bila ya kutoboa ubao. Na huko Kinshasa Mingiedi na wenziwe wa bendi ya Konono No. 1 walijitengenezea za kwao kwa sumaku za magari mabovu na nyaya za shaba, wakazitia katika likembe, ala ya jamii ya kisanji, nayo ikanguruma barabarani. Walifaulu kwa sababu ndimi za likembe ni za chuma.

Lakini nailoni sumaku haiitambui asilani. Nyuzi hizi zilianza kutengenezwa huko New York katika miaka ya 1940 na Albert Augustine, kwa kutiwa moyo na Andrés Segovia, zichukue nafasi ya zile za utumbo wa mnyama. Ni laini kwa vidole vya mwanafunzi, na sauti yake ni ya duara, yenye kuafikiana na mwimbaji. Ukizitazama kwa karibu utaona kuwa tatu nyembamba ni nailoni tupu, na tatu nene ni nyuzinyuzi za nailoni zilizosokotwa pamoja na kuviringishiwa waya wa shaba uliopakwa fedha. Kwa hiyo mtu wa Kolwezi anayefunga pikapu ya sumaku juu ya gitaa la namna hii ana shaba chini ya nyuzi na shaba juu ya nyuzi, na amplifaya yake haitoi hata mnong'ono, kwa kuwa shaba haivutwi na sumaku. Wapiga udi wa Zanzibar na Mombasa, ambao nyuzi zao nazo zilitoka katika utumbo zikaja katika nailoni, waliufahamu udhia huu zamani, nao wakaridhika na maikrofoni iliyosimamishwa mbele ya ala.

Dawa ilikuwa imekwisha gunduliwa na watu wasioufikiria muziki. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kuwa fuwele za aina fulani, zikibanwa, hutoa umeme; tabia hiyo baadaye ikatumiwa katika vichwa vya gramafoni, kisha katika vile visahani vya shaba ya manjano vyenye duara jeupe la kauri, vinavyolia ndani ya saa za kuamshia. Kisahani hicho hakiulizi uzi umefanywa kwa kitu gani. Husikiliza ubao unaotetemeka. Fundi wa redio hukitoa katika saa mbovu, hulehemu nyaya mbili, mmoja kwenye ukingo na mmoja katikati, upesi upesi kabla kauri haijaungua, hukizungushia utepe, na mpigaji hukibandika nyuma ya daraja la gitaa kwa nta ya nyuki au gundi laini isiyoacha doa.

Wasidhani wasomaji kuwa mambo huishia hapo. Kisahani husikia nyuzi, na husikia pia kifungo cha shati kinapokwaruza ubao; kisipopitishwa katika kikuza sauti cha awali, hutoa sauti kavu ya bati; na amplifaya ikizidishwa, tumbo la gitaa huirudisha sauti iliyotoka kwenye spika hata mluzi ukaijaza nyumba, ndipo mpigaji huliziba tundu kwa kitambaa. Mambo haya yote huvumilika kwa sababu moja ambayo mgeni haioni. Tangu Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na shule, hospitali na kumbi ilizozilisha zikaanguka pamoja nayo, mwanamuziki mnyonge wa Manika au Dilala, mitaa ya Kolwezi, aghalabu hana vyombo vyake: gitaa ni la kuazima kwa ndugu, ambaye hatakubali litobolewe, amplifaya ni ya kanisa au ya mwenye baa, na umeme hukatika chini ya nyaya zile zile zinazokwenda migodini. Kidude cha kubandua kinaafikiana na hali hiyo, na ukikatika umeme wimbo hauishi, kwani gitaa bado ni gitaa.

Mahali pa kukibandika ndipo penye ubishi. Kikiwekwa chini ya nyuzi nene, kidole gumba hutawala na wimbo hupotea, nao wapigaji wa mtindo wa Mwenda hawalipendi jambo hilo, kwa kuwa kwao gumba na shahada ni wawili wanaojibizana. Kwa hiyo hukisogeza upande wa nyuzi nyembamba, upana wa kidole kimoja au viwili, na besi inayopungua huirudisha kwa kulikandamiza gumba zaidi.