Lugha ya vina ya London: ilianzaje na maneno yake yana maana gani

Mwingereza akikwambia "use your loaf", kwa maneno yalivyo anakutaka utumie mkate wako. Hakuna mkate hapo. Anakuambia utumie kichwa, yaani ufikiri. Msemo huo umetoka katika lugha ya mitaani ya London, na hata waliosoma Kiingereza miaka mingi hukwama wanapokutana nayo kwenye filamu au redioni.

Mbinu yake ni vina, jambo ambalo wapenzi wa mashairi mnalijua vizuri. Unachukua neno unalotaka kulificha, tuseme "head", kichwa. Unatafuta fungu la maneno linaloishia kwa sauti hiyo: "loaf of bread", mkate wa boflo. "Bread" na "head" vina kina kimoja. Hadi hapo mwenye sikio zuri anaweza kubahatisha. Kisha unaliacha neno lenye kina na kubaki na la mwanzo tu: "loaf". Kina kimeondoka, na mgeni hana tena pa kushika.

Ndivyo kutazama kulivyokuwa "butcher's", kutoka "butcher's hook", ndoano ya muuza nyama, kwa kuwa "hook" ina kina na "look". Rafiki, "mate", ni "china", kutoka "china plate", sahani ya kaure. Nywele ni "barnet", kutoka gulio maarufu la Barnet, kaskazini mwa London: "fair", gulio, na "hair", nywele. Lakini si kila fungu hukatwa. Simu ni "dog and bone", mbwa na mfupa, na husemwa yote. Mke naye ni "trouble and strife", taabu na ugomvi, utani ambao tunakushauri usiupeleke nyumbani.

Lugha hii ilianza kusikika katika miaka ya 1840. Mwaka 1859 John Camden Hotten alichapisha kamusi ya maneno ya mitaani, na ndani yake aliweka orodha ya maneno ya vina. Aliwataja wachuuzi waliouza nyimbo na habari zilizochapwa kwenye karatasi, wakizinadi kwa sauti barabarani, hasa katika eneo la Seven Dials, katikati ya London. Wauza matunda na mboga walikuwa na yao, ya kugeuza maneno nyuma mbele, kama watoto wa pwani wanavyosema kinyume. Humo "boy", mvulana, aligeuka "yob", na hadi leo neno hilo humaanisha kijana mhuni.

Wengi husimulia kwamba lugha ya vina ilibuniwa na wezi ili polisi wasiwaelewe. Inawezekana waliitumia, hata mwizi mwenyewe ana jina, "tea leaf", jani la chai, kwa kina cha "thief". Lakini ngazi, miguu na nywele zina majina pia, na mwizi ana haja gani ya kuficha neno ngazi? Sisi tunaona mchezo na majigambo ya wachuuzi vina nafasi kubwa zaidi.

Baadaye lugha hii ilihesabiwa kuwa mali ya Macockney, wenyeji wa mashariki mwa London. Kwa desturi, Cockney halisi ni aliyezaliwa mahali zinaposikika kengele za kanisa la St Mary-le-Bow. Kengele hizo ziliharibiwa kwa mabomu mwaka 1941 na hazikulia tena hadi 1961. Hata hivyo sauti yake, iliyorekodiwa mwaka 1926, ilitumiwa na BBC kati ya matangazo yake ya Kiingereza kwenda nje, kwa hiyo huenda wazee wenye redio za masafa mafupi waliisikia bila kujua ni ya nini.

Hapa tunatoa tahadhari. Neno "berk" husemwa kwa mzaha kumaanisha mjinga, na Waingereza wengi hulitamka mbele ya watoto. Asili yake ni jina la kundi la wawindaji, na kina kilichofichwa ni tusi la nguoni tusiloweza kulitamka hewani. Usilichukue neno kwa sababu tu linachekesha.

Maneno mapya bado huzaliwa. Ruby Murray, mwimbaji wa Belfast aliyevuma miaka ya 1950, aliacha jina lake kwenye chakula: "ruby" ni mchuzi wa bizari, "curry". Mwaka 2009 baadhi ya mashine za kutolea pesa mashariki mwa London ziliwekewa lugha hii. Pesa taslimu, "cash", zikawa "sausage and mash", soseji na viazi vya kuponda, na mteja akaombwa aingize "Huckleberry Finn" yake, yaani PIN, namba ya siri.