Watazamaji Waliogeuka Washenga: Mapenzi ya Tamthilia Katika Pwani ya Bagamoyo

Desemba 2012 vituo vya televisheni nchini Tanzania vilianza kurusha Siri ya Mtungi, tamthilia ambayo visa vyake vinapita kati ya Bagamoyo na Dar es Salaam. Bagamoyo ya humo si ile ya vipeperushi vya watalii, yenye mlango wa kuchongwa na jahazi machweo. Ni mji wa watu wanaodaiwa, wanaooneana wivu, wanaoamka alfajiri wakiwa hawajui watoto watakula nini. Cheche ni mpiga picha mwenye studio ndogo. Ana mke, Cheusi, anayevumilia naye shida. Halafu anaingia Tula, na ndoa inaanza kuyumba.

Media for Development International, shirika lililoiandaa tamthilia hiyo kwa fedha za Marekani, lilikuwa na ujumbe wa afya wa kufikisha: UKIMWI, uzazi wa mpango, hatari ya kuwa na wapenzi wengi kwa wakati mmoja. Ujumbe huo ulifika kupitia njia ambayo pwani inaijua vizuri. Mtazamaji aliwekwa katikati ya mume, mke na mwanamke wa pembeni, akaachiwa aamue moyo wake uko kwa nani. Huwezi kuitazama Siri ya Mtungi ukiwa huna upande.

Siku hizi husemwa kwamba tabia hii ya kushabikia kapo, ya mtu kutamani wahusika wawili waoane kana kwamba ni ndugu zake, imeletwa na simu na intaneti. Mimi naona ni ya zamani sana. Simu imeikuta hapa. Katika miji ya mwambao ndoa haijawahi kuwa siri ya watu wawili. Mshenga hutumwa, barua ya posa husomwa, wazee huulizana ukoo, shangazi huulizwa tabia ya kijana, na somo humkalisha mwali ndani akamfunda. Kila mmoja ana kauli kuhusu nani anamfaa nani, na kauli hiyo ni haki yake. Watu waliolelewa hivyo, ukiwawekea mbele kijana na binti wanaopendana kwenye kitambaa cha sinema au kioo cha televisheni, watafanya kile wanachokifanya mtaani: watapima na kushauri, na wakiona mambo yanaenda kombo watakasirika kwa dhati. Wanakuwa washenga wa watu ambao hawatakutana nao maishani.

Hata wafu hawaachwi bila wenza. Kaole, kilomita chache kusini mwa Bagamoyo, penye magofu ya misikiti na makaburi ambayo ya kale zaidi hukadiriwa kuwa ya karne ya 13, wageni huoneshwa kaburi linalosimuliwa kuwa la mke na mume waliozama baharini, wakakutwa wamekumbatiana. Kama yalitokea hivyo au la, si hoja yangu hapa. Mji ule umeacha misikiti na mawe ya makaburi ya karne nyingi, na kisa kimojawapo ambacho wasimulizi wanakishika na kukirudia ni cha wawili waliopendana.

Kabla ya televisheni kulikuwa na sinema, na sinema iliyoteka mioyo ya pwani ilitoka India. Mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake kuhusu majumba ya sinema ya Tanzania kilitoka 2018, alizungumza na wazee wengi waliokumbuka filamu ya Awaara, ya mwaka 1951, na jinsi ilivyoitikisa Zanzibar katikati ya miaka ya 1950. Raj Kapoor alikuwa kijana wa mtaani asiye na jina wala mali. Nargis alikuwa msichana msomi aliyelelewa katika nyumba ya jaji. Kijana huyo ni mwana wa jaji yuleyule, aliyemfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku. Hapo kuna maswali yote ya posa kwa mkupuo mmoja: huyu ni mtoto wa nani, ana kazi gani, na je, mapenzi yanatosha pale ukoo unapokataa? Vijana waliokuwa wakingoja kuozwa kwa uamuzi wa wazazi walitoka ukumbini wakiendelea kubishana.

Raj Kapoor na Nargis waliigiza pamoja katika filamu zaidi ya kumi, na hapo ndipo naona mwanzo wa jambo lenyewe kwetu. Mtazamaji hakuwa tena anafuata kisa kimoja tu. Alikuwa anawafuata wawili wale wale kutoka filamu hadi filamu, akiwataka wakutane tena hata kama safari hii majina yamebadilika na kijiji ni kingine. Wanawake walikuwa na maonyesho yao ya zanana, ambayo wanaume hawakuruhusiwa kuingia, na huko mama, binti, somo na jirani walikaa safu moja. Ninaamini kwa nguvu zote kwamba zanana ndiyo iliyokuwa shule kubwa ya kutazama mapenzi katika mwambao huu. Palikuwa mahali ambapo mwanamke wa makamo angeweza kumweleza binti, kwa kumnyooshea kidole steringi, ni mume wa namna gani asithubutu kumkubali.

Kisha ikaja redio. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Mhusika aliyekumbukwa kuliko wote ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo cha barabara, na mkewe Tunu akiwa nyumbani na watoto. Watafiti waliufuatilia mchezo huo kwa karibu: Dodoma iliachwa bila matangazo hayo hadi 1995 ili walinganishe wasikilizaji na wasiosikia. Matokeo kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI yameandikwa sana duniani. Mimi nimevutwa zaidi na Tunu. Mtunzi hakumwacha afe kwa uvumilivu. Tunu alimwacha Mkwaju akaanza kujitegemea, na Mkwaju akaugua ugonjwa alioutafuta. Msikilizaji wa pwani, aliyezoea kuambiwa mke mwema ni yule anayestahimili, aliombwa kwa mara hii atamani ndoa ivunjike. Hilo ni jambo zito. Mshenga kazi yake ni kuunganisha, na sasa alikuwa anafundishwa kwamba kuna siku ya kumwambia binti, rudi kwenu.

Tanzania Bara ilichelewa kupata televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini ng'ambo ya pili ya mkondo wa bahari serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa. ITV ilianza 1994. Baada ya hapo ukaja wakati ambao watu wa rika langu wanauita kwa neno moja tu: Kaole.

Kaole Sanaa Group, kundi lenye jina lile lile la kijiji cha magofu, liliijaza ITV michezo ya nyumbani: Jahazi, Dira, Tufani, Gharika na mingine. Hakukuwa na fedha za kujenga seti. Sebule ilikuwa sebule ya mtu, na gari lilikuwa la kuazima. Lakini pale sebuleni palikuwa na Bi Hindu, Mzee Kipara, Muhogo Mchungu, wazee wenye sauti zinazofanana na za wajomba na mama zetu, na mapenzi ya vijana hayakuendelea hatua moja bila wao kutia neno. Hapa ndipo tamthilia yetu ilipojitenga na filamu za nje. Katika Kaole vijana wawili hawako peke yao ufukweni. Nyuma yao yupo baba mwenye hasira, shangazi mwenye fitina, jirani anayechungulia dirishani. Mtazamaji alijikuta ndani ya kioo, ameketi kwenye kochi, akiwa mmoja wa watu wanaojadili posa.

Kutoka kundi hilo walitoka waliokuja kubeba biashara nzima ya filamu za kanda na baadaye diski. Steven Kanumba alijiunga nalo 2002. Vincent Kigosi, yaani Ray, na Blandina Chagula, yaani Johari, walipendwa sana walipokuwa pamoja, na baadaye wakaanzisha kampuni iliyoitwa RJ, kwa herufi za majina yao ya uigizaji. Hakuna ushahidi mzuri zaidi wa nguvu ya kapo: wawili wanakuwa chapa, na mnunuzi wa Kariakoo au wa Bagamoyo sokoni anachukua diski kwa kuwaona wote wawili kwenye kava, kabla hajauliza kisa chenyewe kinahusu nini. Mwaka 2003 filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, iliwatoa wasanii wa muziki wa kizazi kipya kwenye jukwaa ikawatia kwenye mapenzi ya kuigiza, na vijana wakajaa kuitazama.

Wema Sepetu, Miss Tanzania wa 2006, alicheza na Kanumba katika A Point of No Return mwaka 2007. Kuanzia hapo mpaka kati ya kisa na maisha ya kweli ulififia. Magazeti ya udaku, yaliyokuwa yakiuzwa kila kona ya Kinondoni, Mwenge na Tegeta na kupanda daladala hadi Bagamoyo, yaliandika kuhusu uhusiano wao kwa hamu ile ile ya anayengoja sehemu ya pili ya filamu. Sipendi yote yaliyoandikwa. Waigizaji wale walikuwa vijana, na mji mzima ulijipa haki ya kuwaozesha na kuwaachanisha. Lakini ni lazima nikiri kwamba haki hiyo ilitoka mahali panapoeleweka. Mtu aliyekaa miaka kumi akiwapangia wahusika wachumba haoni kwa nini anyamaze wanapovua nguo za kuigizia. Kanumba alifariki 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28, na umati uliofika kumuaga viwanja vya Leaders ulikuja kama watu waliofiwa nyumbani kwao.

Wakati huohuo mapenzi ya mbali yaliendelea kuingia. The Promise kutoka Ufilipino iliwafanya Yna na Angelo kuwa majina ya nyumbani. Novemba 2011 TBC ilianza kuonesha tamthilia ya China, Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili, na Machi 2013 Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam. Viongozi walizungumzia urafiki wa mataifa. Ninachokiona mimi ni kwamba kisa cha mke kijana, Mao Doudou, na mumewe Yu Wei, ambaye wazazi wake waliachana na hivyo kumletea mkewe mavyaa zaidi ya mmoja, hakikuhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote wa pwani. Mapenzi yaliyokwisha kufungwa ndoa, yanayotishiwa na wakwe, ndiyo mapenzi yanayotukalisha mbele ya televisheni hadi mwisho. Busu la kwanza linatupita haraka. Sisi tunataka kujua watakaaje.

Ndiyo maana nadhani tamthilia ya Maria ya Citizen TV ya Kenya, iliyoanza 2019 na kumalizika 2021, iliwashika watu kiasi kile. Maria ametoka mtaa wa mabanda. Luwi ni mwana wa familia ya kitajiri, na tayari yupo Sofia. Watayarishaji wake, Rashid Abdalla na Lulu Hassan, ni mke na mume wanaofahamika pia kwa kusoma habari pamoja, na wanakijua Kiswahili cha mapenzi na cha matusi vilevile. Kati ya Maria na Luwi walisimamishwa wazazi, mali, hila na mke mtarajiwa, kila jioni ya kazi, kwa zaidi ya mwaka. Mitandao ikajaa watu wakimsihi Luwi kama wangemsihi mdogo wao.

Katika Tanzania, tamthilia za Maisha Magic Bongo zimerudisha kasi hiyo: Huba tangu 2017, na Jua Kali ya Leah Mwendamseke, maarufu kama Lamata, tangu 2021. Makundi ya mashabiki yanajiita timu, kama yalivyojiita miaka iliyotangulia pale Instagram ilipowagawa watu kati ya Wema na Zari, waliowahi kupendana kwa nyakati tofauti na mwanamuziki mmoja. Ukali wao unanikumbusha taarabu. Katika usiku wa taarabu mwanamke husimama, hucheza taratibu hadi mbele, na kumtunza mwimbaji pale neno lilipomgusa mke mwenziwe au hawara wa mumewe aliye ukumbini. Kutuma maoni ya kumtetea mke wa kwenye tamthilia ni kutunza kwa namna nyingine, na mlengwa, mara nyingi, yupo mtaa wa pili.

Haya yote hayajakusanywa kama urithi. Bagamoyo ina taasisi inayofaa kuifanya kazi hiyo: TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na ambayo tamasha lake limekuwa likifanyika tangu 1982. Ngoma za makabila zimerekodiwa hapo kwa uangalifu unaostahili. Ningependa kava za filamu, kanda za michezo ya ITV na magazeti ya udaku vipewe rafu jirani na ngoma hizo, na wanafunzi wa uigizaji watumwe na kinasa sauti Pangani, Saadani, Zinga, Kunduchi na Unguja wakawahoji watazamaji, hasa wanawake. Msichana aliyekuwa na miaka kumi na miwili alipoiona Awaara sasa amepita themanini. Anakumbuka nani alikaa upande wake wa kulia siku ile, na nini kilisemwa njiani kurudi nyumbani, na bado ana maoni yake kuhusu yule jaji.