Kusahilisha Mfumo Endeshi Huria, Kisumu na Ufuo wa Ziwa

Kusahilisha mfumo endeshi huria ni ile kazi ya kuufanya mfumo wa kompyuta ambao msimbo wake u wazi kwa kila mtu, hususa Linux na matoleo yake ya mezani, utumike pasipo taabu na mtu asiyekuwa fundi: karani, mwalimu wa shule, au mwenye saiba (duka la intaneti) aliyejifunza kompyuta kwa kuwatazama wenzake. Kisumu na katika miji ya ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kama vile Bondo, Homa Bay na Mbita, kazi hii ilichukua sura yake mahsusi, kwa kuwa dhiki kuu ya mtumiaji wa huku haikuwa umbo la madirisha wala rangi ya vitufe, bali ilikuwa njia ya kuifikia intaneti, ambayo mfumo wenyewe ulijengwa kwa kuitegemea.

Asili

Linus Torvalds alikitangaza kiini cha Linux mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nacho kilipounganishwa na vyombo vya mradi wa GNU, ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983, ukapatikana mfumo kamili, lakini mfumo wa wajuzi, wenye kuendeshwa kwa amri za kuandikwa. Miradi ya KDE (1996) na GNOME (1997) ikauvika madirisha na menyu. Mnamo Oktoba 2004 Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini, akatoa Ubuntu, ambayo orodha yake ya kasoro ilianza, nambari moja kabisa, na malalamiko kwamba Microsoft inashika sehemu kubwa ya soko la kompyuta za mezani. Diski zake zilipelekwa bure kwa posta hadi mwaka 2011, hata mwenye sanduku la posta Kisumu aliweza kuziagiza bila kulipa senti. Kuanzia toleo la Juni 2006 diski hiyo iliuwasha mfumo uonjwe kabla ya kusakinishwa, kisha ikausakinisha kwa kubonyeza tu. Na mwaka 2009 ukaanzishwa mradi wenye manufaa makubwa wa kuondoa kasoro 100 ndogo ndogo, zile ambazo kila moja peke yake ni upuuzi lakini zikikusanyika humchosha mtu hata akaukimbia mfumo.

Modemu za USB

Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, na hata kwa miaka kadhaa baadaye, mtu wa Kisumu aliyekuwa na kompyuta nyumbani, awe Milimani au Kondele, aghalabu aliipata intaneti kwa modemu ndogo ya USB iliyotiwa laini ya simu, nyingi zikiwa zimeundwa na Huawei na kuuzwa na makampuni ya simu kama Safaricom. Modemu hizo zilikuwa na tabia moja ya ajabu: zikichomekwa, hujitambulisha kwanza kuwa ni diski yenye programu ya Windows ndani yake, na ni programu hiyo inayoziamuru zigeuke kuwa modemu. Windows ilipokea hayo bila neno, ilhali Linux, isiyoweza kuiendesha programu ile, iliiona diski tu na kukomea hapo, na mwenye kompyuta akaamini kwamba mfumo ni mbovu.

Dawa yake ilitungwa na Josua Dietze, programu ndogo iitwayo usb_modeswitch, ambayo kazi yake ni kuipelekea modemu ujumbe wa kuigeuza. Walakini hata modemu ikisha kugeuka, mtumiaji alikuwa hana budi kuandika kwa mkono faili la mipangilio la wvdial, programu ya kupigia mtandao, ataje nambari ya kupiga, *99#, na jina la lango la mtandao wa kampuni yake, ambalo kwa Safaricom ni safaricom, na jina la mtumiaji, saf, na neno la siri, data, kisha aiendeshe programu hiyo kwa amri ya kuandikwa katika dirisha jeusi kila alipotaka kuingia mtandaoni. Lililozidi haya yote kwa uzito ni kwamba programu za kuiwezesha modemu zilipatikana katika intaneti, nayo intaneti haikupatikana bila modemu; basi mtu akaenda saiba, akazipakua pamoja na vyote vinavyotegemewa nazo, akavibeba kwa flashi hadi nyumbani, na kikikosekana kimoja, safari ikaanza upya.

Ubuntu 8.10, iliyotolewa Oktoba 2008, ilikuja na toleo jipya la NetworkManager, programu ya kuunganisha kompyuta na mtandao, lililomwezesha mtumiaji kuchagua nchi yake, kisha kampuni yake ya simu, na mipangilio yote ikajijaza yenyewe kutoka katika orodha iliyokusanywa na watu wa nchi mbalimbali kwa kujitolea. Orodha hiyo, ambayo kwa kila kampuni haina zaidi ya mistari michache ya maandishi, yastahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi tukufu za usahilishaji, ijapokuwa wasimulizi wa habari za Linux hupenda zaidi kueleza madirisha yanayopeperuka. Usb_modeswitch nayo ilipotiwa ndani ya mfumo wenyewe, mzunguko ule wa saiba na nyumbani ukakatika.

Muziki ulikuwa na mashaka ya namna hiyo hiyo. Kwa sababu za hataza, ambazo kwa upande wa MP3 zilikwisha mwaka 2017, Ubuntu haikuweza kufungasha uwezo wa kucheza mafaili hayo, bali ilimwelekeza mtumiaji aupakue. Na katika nchi ya benga na ohangla, kompyuta isiyoimba siku ya kwanza haikuaminika.

Lugha

Usahilishaji ulihusu lugha pia. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukisaidiana na kampuni ya Uswidi ya IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi katika Kiswahili. Kwa Kidholuo, lugha ya wenyeji wengi wa ufuo, majina ya siku na miezi yamo katika CLDR, hazina ya maelezo ya lugha ambayo mifumo ya kompyuta huitumia.

Maseno

Magharibi ya Kisumu, Maseno, penye chuo kikuu, palizaliwa juhudi iliyo jirani kabisa na maudhui haya. R, lugha huria ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, ina nguvu nyingi lakini huendeshwa kwa kuandika amri, na wanafunzi wengi waliiogopa, wakapendelea nakala zisizolipiwa za SPSS, programu ya takwimu ya kuuzwa. Mwaka 2015 African Data Initiative iliomba michango ya umma ili R ivikwe menyu, na vijana wa African Maths Initiative ya Maseno wakawa miongoni mwa watungaji wa programu hiyo, R-Instat, iliyorithi jina na mwendo wa Instat ya Chuo Kikuu cha Reading, ambayo wanahali-hewa wa Afrika walikuwa wameizoea. R-Instat iliandikwa kwa ajili ya Windows, jambo la kusikitisha kwa mtumiaji wa Linux, lakini ndiko walikokuwa wanafunzi.

Zahanati

Katika vituo vya afya vya ukanda wa ziwa, ambao umelemewa na maradhi ya UKIMWI kuliko sehemu nyingine za Kenya, hutumika KenyaEMR, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyojengwa juu ya programu huria ya OpenMRS na kusakinishwa juu ya Ubuntu. Mhudumu hufungua kivinjari tu, akaandika habari za mgonjwa. Mfumo ulio chini yake hana haja ya kuujua.

Hali ya sasa

Modemu za USB zimepungua, na wengi huiunganisha simu na kompyuta kwa waya, njia ambayo Linux huitambua papo hapo. Matoleo ya Linux kama Lubuntu na Linux Mint hupendwa kwa kompyuta zilizokwisha tumika ng'ambo. Ubuntu iliacha kutoa diski za mezani za mashine za biti 32 mwaka 2017, na baadhi ya wenye mashine hizo wakaelekea Debian, toleo jingine la Linux.