Maudhi ya Dawa za Sonona

Kwenye kliniki za uzazi wa mpango nchini Tanzania, usumbufu unaoletwa na vidonge au sindano huitwa "maudhi madogo madogo". Vikaratasi vya dawa huandika "madhara". Kwa dawa za sonona kama fluoksetini, setralini na paroksetini, mimi nachagua maudhi: dawa inatibu, ila inaudhi. Mgonjwa akisomewa "madhara", huenda vidonge vikaishia kabatini.

Tatizo ni kuyataja maudhi yenyewe, hasa yale ya tendo la ndoa. Mtaani kila kasoro ya chumbani ni "kuishiwa nguvu za kiume", utadhani wanawake hawamezi dawa hizi. Dawa hizi huzuia serotonini isirudishwe ndani ya seli za neva, na serotonini ikiongezeka inaweza kupoza hamu na kuchelewesha kilele. Ndiyo maana dapoksetini, ya ukoo huohuo, hupewa wanaume wanaowahi kumaliza.

Kwa hiyo tuna mambo matatu: hamu, msisimko wa mwili (uume kusimama, uke kupata ute) na kilele. Anayemwambia daktari "nguvu" tu anaweza kuandikiwa sildenafili. Hiyo husaidia uume kusimama, haileti hamu, na ni hatari kwa anayetumia naitreti za moyo. Aliyepoteza hamu pengine angefaa kupunguziwa dozi, au kuhamishiwa mirtazapini au bupropioni, ambazo haziudhi sana upande huu. Tena sonona yenyewe huua hamu, hivyo daktari ajue hali ilikuwaje kabla ya kidonge cha kwanza.

Wapo wanaoruka dozi wikendi ili hamu irudi. Fluoksetini hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kuiruka siku mbili hakubadili kitu. Paroksetini ikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu na hisia kama ya shoti ya umeme kichwani.

Mwaka 2019 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitaka vikaratasi vieleze kwamba kwa baadhi ya watu kasoro hizi za chumbani huendelea hata baada ya kuacha dawa. Kwa hao, nakubali, neno ni madhara.

Ukienda kwa daktari, mwambie ni lipi kati ya yale matatu na lilianza lini. Dawa usiiache kabla hamjazungumza.